Kizuka wa Darsait

Jumatatu, 8 Mei 1967

Naandika kwa sababu nyumba hii haina wa kuzungumza naye ila mavyaa wangu, na Bi Shaikha akizungumza huyatoa maneno moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

Majid, mume wangu, alifariki mwezi uliopita. Alikuwa karani kambi ya mafuta, kule Saih al-Maleh. Karudi kazini, kakaa barazani na kikombe cha kahawa mkononi, akasema, "Hari ya mwaka huu imewahi." Ndiyo maneno yake ya mwisho. Mtu kakimbia Unguja na roho yake mkononi, kavuka bahari na mkewe na sanduku moja kurudi kwa mamake, khalafu miaka mitatu baadaye anakufa akilalamikia hari. Basi ndivyo ilivyoandikwa.

Sasa mie ni kizuka. Miezi minne na siku kumi sitoki mlangoni, sitii wanja, sijifukizi udi, sionwi na mwanamme asiye maharimu yangu. Nguo nyeupe, maji, na Qur'ani. Nilichobakiwa nacho ni dari. Huko juu pana ukuta wa kunifika kifuani, na katika ukuta pana kitundu. Nikichungulia naiona pwani yote ya Darsait: mchanga, mitende michache iliyochoka, majabali meusi kulia na kushoto, na bahari katikati. Kwetu bahari ina kijani pembeni yake. Hii imezungukwa na mawe matupu, kama karai lililosahauliwa juu ya jiko.

Jumatano, 10 Mei

Hari. Sina la zaidi.

Jumapili, 14 Mei

Amekuja mjomba Harub, ndugu wa mamangu. Yeye ni maharimu, nikakaa naye. Kakonda, masikini, na shati limemganda mgongoni.

"Mie na Kheiria tunaondoka," akasema. Kheiria ni mkewe. "Meli ya Karachi, wiki ya mwanzo ya Septemba, na kutoka huko Mombasa. Kaka yako Aflah ameleta khabari kuwa chumba chako kipo. Na mamako macho yamekwisha, Mahbuba. Kila asubuhi anauliza kama umefika."

"Eda yangu?"

"Itakuwa imeshakwisha mwisho wa Agosti. Nimepiga hesabu. Lakini nikishaondoka mie, huna maharimu mwengine wa kusafiri naye. Ukibaki, umebaki."

Nikasema ntakwenda. Nilisema upesi hata nikaona haya. Bi Shaikha alikuwa pale pale, anachagua kunde. Majid alikuwa mwanawe wa pekee. Hakunyanyua uso. "Kheri," akasema, na kunde zikaendelea kulia kwenye sinia.

Jumanne, 23 Mei

Dagaa wameanikwa pwani nzima. Hapa wanakaushwa wakapewa ng'ombe na ngamia, na maziwa hutoka na harufu ile ile. Shakwe wanapiga kelele, watoto wanawafukuza kwa mabua ya mtende, shakwe wanarudi. Asubuhi upepo ulipogeuka nikatapika. Bi Shaikha alinitazama mpaka nikamaliza, akanimwagia maji ya mikono, akenda zake. Hata pole hakusema.

Alkhamisi, 25 Mei

Nimetapika tena. Dagaa hawa wataniua.

Jumapili, 11 Juni

Gharbi imevuma siku tatu. Ni upepo wa bara, unatoka jangwani, na ukifika pwani unaikuta bahari nayo inachemka. Ukigusa kitasa unaungua. Ukutani kwetu darini kuna mjusi aliyekuwa akinyanyua miguu kwa zamu, huu juu, huu chini. Leo simwoni.

Watu wote wanahama. Ndio msimu wa tende. Wenye jamaa Barka na Sib wanakwenda kukaa mashambani, penye vivuli na maji ya kisima, mpaka hari ipungue. Bi Shaikha huenda Barka kila mwaka kwa binamu yake. Mwaka huu wamemletea punda mpaka mlangoni, akamrudisha.

"Nenda, Mama," nikamwambia. "Bakhita jirani ataniletea maji na samaki."

"Nikuache na nani? Kizuka haachwi peke yake."

"Na kuta."

"Kuta hazina macho," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Anabaki kunilinda! Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, nimekaa na mwanawe miaka kumi na sita sijamfanyia aibu, leo ananichunga kama mwari. Nilipanda darini nikalia kwa hasira. Machozi yenyewe yalikauka kabla hayajafika kidevuni.

Jumamosi, 17 Juni

Bakhita kaja na maji. Huyu ni jirani yetu, mama wa watoto sita, na Kiswahili chake ni cha kurithi kwa mamake, kimechanganyika na Kiarabu cha hapa mpaka wakati mwengine najibu nisichoulizwa. Lakini ana kicheko, na nyumba hii inakihitaji. Kasema alfajiri kaona kasa kule upande wa Qurum, kapanda mchangani, kachimba shimo, kataga.

"Khalafu?"

"Khalas! Kafukia, kenda zake. Hata nyuma hakutazama."

"Ana raha yake," nikasema.

"Watoto wa kasa hawaulizwi ukoo," akasema Bi Shaikha kutoka jikoni. Sikujua kama anasema na mie au anasema na sufuria.

Jumatatu, 26 Juni

Mtungi wa maji umetundikwa kivulini, unatoka jasho, na udongo wake una harufu ya mvua ya kwetu. Leo nimejikuta naulamba. Wallahi, naulamba kwa ulimi! Nikageuka, Bi Shaikha kasimama na fagio mkononi.

"Mtungi mpya huo," akasema. "Udongo wake mzuri." Akaendelea kufagia.

Jumapili, 9 Julai

Sijaandika siku nyingi. Sikutaka kuliona neno hili kwa mkono wangu.

Nna mimba.

Nilidhani hedhi imenikatika kwa umri, na kwa msiba. Kichefuchefu nikawasingizia dagaa, uchovu nikausingizia hari. Dagaa wameondoka zamani na bado natapika. Asubuhi nilipokuwa naoga niliweka mkono chini ya kitovu nikaikuta imejaa, ngumu, imetulia. Naijua. Unguja nilishika mbili na zote zilitoka, lakini mkono hausahau. Nilikaa chini kwenye sakafu ya choo, maji yananichuruzika, nikacheka, khalafu nikaingiwa na hofu mpaka meno yakagongana katika hari hii.

Miaka kumi na sita, Majid. Miaka kumi na sita tumeomba, tumekunywa kila dawa, umekataa kuoa mke wa pili watu wakakucheka. Na siku uliyoipata hukuijua. Alikuwa tumboni siku chache tu ulipoweka kikombe chini.

Sasa niandike na la pili, ili nisijidanganye. Eda ya mwenye mimba haina miezi. Inakwisha siku anapozaa. Nikisema, sitoki hapa mpaka Januari, na meli inaondoka Septemba. Na nikishazaa, mtoto ni wa kuumeni. Ami zake Majid wapo Izki, watu wazito, hawatamwacha damu yao akalelewe Mombasa. Mtoto atabaki, na mama hamwachi mtoto, basi nimebaki mie. Katika majabali haya, hari hii, maji haya ya chumvi, mpaka wanizike.

Nisiposema, mwisho wa Agosti kila mtu atahesabu eda yangu imekwisha. Tumbo la kwanza halitoki upesi, na nguo zetu ni pana. Ntapanda meli na mjomba. Ntazaa mikononi mwa mamangu. Itakuwa dhambi, nalijua hilo, na itakuwa wizi, maana huyu ndiye kitu pekee kilichobaki cha mwanawe Bi Shaikha.

Ntanyamaza. Mungu anisamehe. Nimechoka, nataka kwetu, na kama kwetu hakupo tena basi nataka kwa mamangu.

Jumatano, 12 Julai

Bahari imegeuka rangi, nyekundu ya kutu kutoka jabali mpaka jabali. Samaki wanakuja juu wamekufa, wakubwa kwa wadogo. Bakhita anasema hutokea, na tusile samaki. Nimejifunza kutapika bila ya sauti.

Jumamosi, 22 Julai

Tende mbivu kutoka Barka, kikapu kizima. Bi Shaikha kanipa zote laini, yeye kala ngumu. Nikasema sitaki, akasema, "Kula. Tende mbivu njema kwa mwanamke." Kwa mwanamke gani? Kila neno lake nalipindua juu chini, nakagua. Hivi ndivyo anavyoishi mwizi ndani ya nyumba anayoiba.

Ijumaa, 28 Julai

Meli kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona imetia nanga upande wa Saih al-Maleh. Bakhita kapanda nasi darini, akachungulia kwenye kitundu, akapiga kite. Wanasema imekuja kubeba mafuta ya kwanza, na nchi itatajirika. Majid alikuwa akiingoja siku hii. Alisema baada yake patakuwa na barabara, na taa, na skuli, na mimi nikamwambia aanze kunipa kipande cha barafu kwanza. Nilimkumbuka anavyocheka. Nililia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tokea alipokufa, na Bi Shaikha akaniegemeza begani kwake. Bega lake ni mfupa mtupu. Sikujua kuwa kakonda hivyo.

Jumamosi, 5 Agosti

Bi Shaikha kaanguka. Alikuwa anapanda ngazi na ndoo, nikasikia ndoo inaviringika. Uso mkavu, unawaka, macho yamegeuka juu. Nilimburuta mpaka kivulini, nikamvua, nikamfunika shuka mbichi, nikampepea mpaka mkono ukafa ganzi. Bakhita kakimbia kutafuta maziwa ya mgando. Hali ya mashambani ingemweka mzima. Kaiacha kwa ajili yangu. Nilimwambia hivyo alipozindukana. Nilimgombeza, kusema kweli.

"Ungekwenda Barka! Umri wako huu! Umekaa kunichunga, nimefanya nini mie cha kuchungwa?"

"Nani kakuchunga?" akasema, sauti kama karatasi. "Nimebaki kwa sababu mie niliachwa."

Akanihadithia, vipande vipande, na mie namminia maji kinywani. Yeye ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Nilijua, lakini Majid hakuwa msemaji wa mambo ya zamani na mie sikuuliza. Aliletwa huku bibi harusi. Mumewe alikufa kabla ya mwaka kwisha, na yeye ana mimba ya Majid. Watu wa nyumba ile walihama kwenda kwenye tende, wakamwacha kizuka na kijakazi kiziwi, msimu mzima.

"Nilisema siku ile ile nilipojua nna mimba," akasema. "Furaha ilinizidi. Nikadhani nikishazaa watanirudisha kwetu nikamwonyeshe mamangu."

"Wakakukataza?"

"Hakuna aliyenikataza, mwanangu. Kila mwaka walisema mwakani."

Mamake alikufa Wete bila ya kumwona mtoto. Khalafu Majid mwenyewe, alipokuwa kijana, akenda Unguja kutafuta maisha, akakaa miaka ishirini. Huyu mama amekaa katika pwani hii akiwangojea watu wa upande ule wa bahari maisha yake yote. Nilimpangusa uso, nikampepea tena.

Alkhamisi, 17 Agosti

Amecheza. Nilikuwa nimelala kwa ubavu darini, alfajiri, bahari imetulia kabisa, yavuyavu wamejaa ufukoni kama sahani za kioo. Kitu kikanigusa kwa ndani, kidogo tu. Nikadhani upepo. Kikanigusa tena.

Nilitaka kumwita mtu. Aliyekuwepo ni mmoja tu, na yeye ndiye nisiyeweza kumwita. Nikauma shuka.

Jumanne, 22 Agosti

Fukuto. Hata nzi wamechoka.

Jumatano, 30 Agosti

Leo ndiyo siku ambayo wote wameihesabu kuwa ya kutoka eda.

Kwa desturi yetu kizuka hakogi mwenyewe siku hiyo. Wanawake humvua, humwosha toka utosini mpaka nyayoni, huzitoa nguo zake nyeupe sadaka, humvika mpya. Ujinga wangu! Nilipiga hesabu ya meli, ya nguo pana, ya kutapika kimya kimya, na hili la kuoshwa halikunijia kabisa mpaka nilipomsikia Kheiria mkewe mjomba anabisha mlango na udi wake na kanga mpya, na Bakhita nyuma yake na ndoo mbili, anaimba. Bakhita kazaa sita. Angenivua kanga angejua kabla hajatia kata ndani ya maji.

Nikasema naumwa kichwa, ntakoga mwenyewe.

"Kukoga mwenyewe!" akasema Kheiria. "Ni wapi kizuka akakoga mwenyewe? Unataka kwenda na nuksi melini? Hebu njoo, usituonee haya. Mficha uchi hazai."

Akanishika kanga begani. Nikaishika na mie. Tukavutana, watu wazima wawili, kama watoto wanaogombania mdoli. Hapo Bi Shaikha akatokea chumbani, anajikongoja kwa ukuta, bado dhaifu tokea siku ile.

"Mwacheni," akasema. "Huyu mke wa mwanangu. Ntamwosha mie."

"Wewe Bi Shaikha huna nguvu hata ya—"

"Nna za kutosha. Kaeni huko nje mnywe kahawa."

Akafunga mlango wa choo, tukabaki wawili. Nikageuka ukutani. Akanifungua kanga, akaiweka pembeni. Akanimwagia maji kichwani, mabegani, mgongoni, anasoma dua kwa sauti ya chini. Khalafu akanigeuza. Nilifumba macho. Mkono wake, mkavu na wenye mikunjo, ukapita kifuani ukashuka tumboni, ukasimama. Mtoto akacheza chini ya kiganja chake. Najua aliuhisi mchezo ule, maana dua ilikatika katikati ya neno.

Akaitafuta pale ilipokatikia, akaendelea. Akaniosha miguu. Akanivika kanga mpya, akaifunga juu, kifuani, ianguke pana mbele. Akanitoa nje akawaambia, "Tayari." Kheiria akapiga vigelegele. Bakhita akapewa nguo nyeupe.

 

Jumatatu, 4 Septemba

Meli ni kesho. Sanduku limefungwa. Bi Shaikha kanipikia mkate wa ufuta wa njiani, kaniwekea halwa, na fulana ya Majid ya utotoni, aliyoishona kwa mkono. Aliiweka juu kabisa ya nguo, nisiweze kujifanya sijaiona.

Nikashindwa. "Mama, umejua."

"Nimejua tokea dagaa."

Tokea dagaa! Mimi mwenyewe sijui, yeye anajua. "Basi kwa nini hukusema? Ungesema neno moja tu kwa mjomba, au kwa watu wa Izki, nisingeweza kuondoka. Umekaa kimya msimu mzima umenitazama naiba!"

"Tumbo langu au lako?"

"Ni mjukuu wako!"

"Ni mjukuu wangu," akasema, na mkono wake ukaiendea ile fulana, ndipo nilipoona nguvu alizotumia miezi yote hii. "Lakini nikisema mie, utabaki kwa sababu nimesema. Mtu anayebaki hivyo namjua. Nimeishi naye miaka arobaini na tano, na si mtu mzuri wa kulea mtoto. Nenda kwa mamako. Kama ni dhambi, nimeshamwambia Mola aniandikie mie."

Nilimwona mtu huyu msimu mzima kuwa askari wa mlangoni. Astaghfirullah.

Jumanne, 5 Septemba

Upepo umegeuka. Asubuhi, kwa mara ya kwanza tokea Mei, palikuwa na ubaridi kidogo kutoka baharini, na bahari imerudi rangi yake. Ndege weusi wa kuzamia walipita kwa mamia, safu moja ndefu, karibu na maji. Niliwatazama mpaka wakaisha nyuma ya jabali. Sikulala, na sitaki kujisifu kuwa niliamua kwa wema. Nilikuwa nimechoka kuficha. Na kila nilipomfikiria mtoto Mombasa, nilijiona namfundisha kukaa kimya kila anapotajwa babake.

Mjomba Harub kabisha saa mbili, na punda wa mzigo nje. "Yallah, Mahbuba, Kheiria keshatangulia bandarini."

Nikasimama mlangoni na buibui langu mkononi. "Mjomba, eda yangu haijesha."

"Haijeshaje? Si juzi wamekuosha?"

"Maji hayaimalizi eda yangu, mjomba. Itakwisha Januari, inshallah."

Alinitazama, anahesabu, na hesabu ilipomfika uso wake ukalegea wote. "Ya Latifu," akasema. Akakaa kwenye kizingiti. "Wewe? Baada ya miaka yote ile? Na Majid hayupo." Khalafu akakumbuka. "Na mamako? Kila asubuhi anauliza. Mamako nimwambieje?"

Hilo ndilo nililoliogopa. "Mwambie sitakuja, asiningoje. Mwambie nna mimba ya Majid, na nipo kwa mamake. Mwambie nimelia."

Nyuma yangu, katika ile nyumba ya msiba, Bi Shaikha akapiga kigelegele. Kimoja, kirefu, cha sauti iliyopasuka, khalafu akajiziba kinywa kwa mikono miwili kwa haya. Mjomba alikuwa akilia. Nilimbusu mkono, nikamwombea safari njema, nikafunga mlango, kwa kuwa kizuka hasimami mlangoni.